Amri Haifiki: Kuyaelewa Magonjwa ya Neva na Misuli Yasiyo ya Kurithi

Neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Damu hupita kwenye mshipa. Ngiri huitwa mshipa. Kiuno kikiuma, mshipa. Na uzi ule unaopeleka amri ya ubongo hadi kwenye kidole cha mguu nao ni mshipa, ila huo tunauongezea "wa fahamu". Basi mtu akiishiwa nguvu za miguu na wakubwa wakasema "ni mishipa hiyo", kila aliyepo anaondoka na lake: huyu anawaza presha, yule anawaza kuchuliwa, mwingine ameshaamua kuwa ni kiharusi. Neno "kupooza" nalo halisaidii. Linataja kinachoonekana, halisemi kimetoka wapi.

Mkanganyiko huu hufufuka kila habari fulani inapovuma. Julai 2023 Peru ilitangaza hali ya dharura ya kiafya kwa sababu ya ongezeko la wagonjwa wa Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili huzishambulia neva. Mwanzoni mwa 2025 ikawa zamu ya jiji la Pune, India. Habari kama hizo zikifika kwenye simu zetu huwa zimeshageuka kuwa "ugonjwa mpya wa kupooza umeingia". Ugonjwa wenyewe si mpya. Madaktari wa Ufaransa, Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl, waliueleza mwaka 1916 baada ya kuwachunguza askari wawili. Wala hauko peke yake. Una ndugu wengi. Wengi kati ya hao wana tiba, na baadhi ya tiba hizo zina siku zake: zikipita, faida inapungua. Siku hizo ndizo zinazopotea watu wanapobishana ni mshipa gani.

Tuyaweke maneno mahali pake kwanza. Neva ni uzi unaosafirisha taarifa kati ya ubongo, uti wa mgongo na sehemu nyingine za mwili. Msuli ni nyama inayojikaza na kulegea ili kiungo kitembee. Ugonjwa wa neva na misuli ni ule unaoiharibu safari ya amri kuanzia pale inapotoka kwenye uti wa mgongo hadi inapofika kwenye nyama. Baadhi ya magonjwa hayo hurithiwa kwenye vinasaba. Mengine humpata mtu aliyezaliwa mzima, awe mtoto au mzee: kinga ya mwili inakosea, vijidudu vinaingia, dawa inaleta madhara, sumu inapenya, au mwili unapungukiwa na kitu unachokihitaji. Hayo ya pili ndiyo ninayoyazungumzia hapa.

Ubongo katika magonjwa haya kwa kawaida hauguswi. Mgonjwa anaweza kulala bila kuinua hata kidole, huku anasikia kila neno linalosemwa juu yake na anaelewa yote.

Barabara, mto na mashua

Fikiria tarishi aliyetumwa na amri. Anaondoka kwenye uti wa mgongo na kushika barabara moja ndefu, ambayo kwa mtu mzima inaweza kufika urefu wa mita moja ikielekea mguuni. Barabara hiyo ni neva, na imewekwa lami. Lami yake ni utando wa mafuta uitwao mayelini. Kwenye lami nzuri tarishi hukimbia kiasi cha mita 50 kwa sekunde. Lami ikibanduka anajikokota, au anakwama kabisa. Na barabara yenyewe ikikatika, lami haina tena la kumsaidia.

Mwisho wa barabara hakuna msuli. Kuna mto. Ni mto mwembamba usioonekana kwa macho, nanomita 50 hivi, lakini tarishi hawezi kuuruka. Hapo amri hupakiwa kwenye mashua. Mashua hizo ni kemikali iitwayo asetilikolini, nazo huvuka kwa maelfu na kutia nanga kwenye magati ya ng'ambo, ambayo wataalamu huyaita vipokezi. Zikitia nanga za kutosha, msuli unajikaza. Papo hapo wafagiaji wa mto, yaani kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, wanazivunja mashua zote ili amri inayofuata ikute mto mweupe.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kivuko hiki. Mwili hauna ubahili hapo. Kila amri huachia mashua nyingi kuliko zinazohitajika, na amri zikifuatana kwa haraka idadi ya mashua hupungua kidogo kidogo. Mtu mzima hahisi upungufu huo, maana akiba ni kubwa. Tutaona kinachotokea akiba ikiisha.

Kwa hiyo amri inaweza kukwama mahali panne: kwenye chanzo chake ndani ya uti wa mgongo, barabarani, kivukoni, au kwenye msuli wenyewe. Virusi vya polio hupiga pale kwenye chanzo. Kisukari, ukoma, upungufu wa vitamini B12, pombe ya miaka mingi na baadhi ya dawa za saratani huharibu barabara. Ukishajua ni wapi kati ya pale panne, nusu ya kazi ya uchunguzi imekwisha.

Magati yaliyobomolewa

Anza na mtu huyu. Asubuhi anaamka mzima kabisa. Kufikia mchana kope la jicho moja limeanza kushuka. Jioni anaona vitu viwiliviwili, na akila nyama taya linachoka kabla hajamaliza. Akizungumza kwa muda mrefu sauti inaanza kutokea puani. Akilala, kesho yake mambo yanarudi kuwa mazuri. Hana ganzi, haumwi popote. Akienda kupimwa asubuhi haonekani na tatizo lolote. Huyu ndiye huambiwa ni mvivu, au ana mawazo mengi, na wakati mwingine anayemwambia hivyo amevaa koti jeupe.

Ugonjwa wake unaitwa miastenia gravis. Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili, protini ambazo kazi yake ni kuwatambua maadui na kuwatia alama ili washambuliwe. Kwa mgonjwa huyu kingamwili zimeyadhania magati ya ng'ambo kuwa adui, zikayabomoa. Wagonjwa ambao udhaifu wao umeenea mwilini, asilimia 85 hivi huonekana na kingamwili hizo kwenye damu. Wachache wana kingamwili za aina nyingine, zinazolenga protini iitwayo MuSK, inayosaidia kuyapanga magati.

Sasa ile akiba niliyoitaja inaonyesha umuhimu wake. Asubuhi mashua ni nyingi, kwa hiyo hata magati machache yaliyobaki yanapata wateja wa kutosha. Kadiri msuli unavyotumika, mashua zinapungua, na kwa kuwa magati yenyewe ni machache, nyingi zinapotea bila kutia nanga. Nguvu inaisha kwa kutumika na inarudi kwa kupumzika. Kuchoka kwa kawaida hakuko hivyo. Aliyechoka anaweza kuinua kope lake akitaka, huyu hawezi.

Njia iliyotufikisha kwenye ujuzi huu inanivutia kila nikiifikiria. Mwaka 1934 daktari mmoja mwanamke, Mary Walker, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya London, aliona kuwa wagonjwa wa miastenia wanafanana na watu waliopata sumu ya kurare, sumu ambayo wawindaji wa Amerika Kusini huipaka kwenye mishale. Sumu hiyo ilikuwa na kiuasumu chake, fisostigmini. Akamchoma mgonjwa wake sindano ya dawa hiyo, na nguvu zikarudi kwa saa chache. Wala hakuna aliyekuwa amejua bado magati yanavunjwa na nani. Jibu hilo lilisubiri hadi 1973, pale Jim Patrick na Jon Lindstrom walipowachoma sungura vipokezi vilivyotolewa kwa mkunga wa umeme, wakitaka tu sungura hao watengeneze kingamwili. Sungura wakalegea. Kinga yao ilikuwa imevigeukia vipokezi vyao wenyewe.

Dawa ya kwanza ya leo, pairidostigmini, ni ya ukoo uleule wa ile ya Walker. Inawachelewesha wafagiaji, mashua zikakaa mtoni muda mrefu zaidi na kupata nafasi ya kurudia kutafuta gati. Haijengi gati hata moja. Ndiyo maana mgonjwa akizidisha vidonge kwa matumaini ya kupata nguvu zaidi, mto unafurika, anatokwa na mate na jasho, tumbo linakata, na misuli inalegea upya. Wakulima waliovuta sumu za kuua wadudu za jamii ya oganofosfati hupatwa na jambo hilohilo kwa ukali zaidi, kwa sababu sumu hiyo inawazima wafagiaji kabisa.

Kuituliza kinga yenyewe ni kazi ya dawa nyingine: prednisoloni, azathioprini na nyinginezo. Hapa subira inahitajika. Azathioprini huchukua miezi mingi kuonyesha kazi yake, na prednisoloni inaweza kumzidishia mgonjwa udhaifu katika wiki za mwanzo kabla haijamsaidia. Wapo wanaoacha dawa katika kipindi hicho hicho, wakiamini imewadhuru. Wakielezwa mapema, wengi huvumilia. Tangu 2017 zimeanza kuidhinishwa pia dawa mpya zinazozuia mashambulizi kwa njia mahususi zaidi, ingawa bei yake imeziweka mbali na watu wengi duniani.

Halafu kuna tezi ya thaimasi, iliyojificha nyuma ya mfupa wa kifua. Ni kama chuo ambako seli za kinga hufundishwa kutofautisha mwili na adui. Asilimia 10 hadi 15 ya wagonjwa wa miastenia wana uvimbe kwenye tezi hiyo, ndiyo maana mgonjwa wa kope hutumwa kupiga picha ya kifua na kushangaa vinahusianaje. Uvimbe ukiwepo huondolewa. Hata usipokuwepo, utafiti mkubwa uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa wenye kingamwili za vipokezi, wa umri wa miaka 18 hadi 65, walionyofolewa tezi hiyo walipata nafuu kubwa zaidi na kuhitaji prednisoloni kidogo kuliko waliotumia dawa peke yake.

Mwenye miastenia asimeze dawa yoyote bila kumwambia anayeiandika kuwa ana ugonjwa huu. Gentamisini, siprofloksasini, kwinini, magnesi ya sindano na baadhi ya dawa za presha zinaweza kumlegeza hadi pumzi ikakata. Ningefurahi kila mgonjwa angetembea na karatasi yenye orodha hiyo.

Ndugu wengine wa kivukoni nitawapitia haraka. Sumu ya botulini, inayotoka kwa bakteria wanaostawi kwenye chakula kilichohifadhiwa vibaya pasipo hewa, hufunga mashua zisitoke kabisa. Udhaifu huanzia machoni na kooni ukashuka chini, na kiuasumu kinatakiwa mapema. Kwa sababu ya bakteria hao, mtoto aliye chini ya miezi 12 hapewi asali. Ugonjwa wa Lambert-Eaton huharibu mlango unaoruhusu mashua kuondoka; mgonjwa akijikaza mara kadhaa mlango unasukumwa na nguvu inaongezeka kwa muda, kinyume cha miastenia. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao hukutwa na saratani ya mapafu, na mara nyingi udhaifu ndio unaoifichua. Sumu za baadhi ya nyoka, koboko na swila wakiwemo, nazo hupiga hapahapa kivukoni.

Barabara iliyobanduliwa lami

Guillain-Barré huja kwa mwendo mwingine. Mtu anaharisha siku kadhaa, au anapata mafua, anapona, anasahau. Wiki moja hadi tatu baadaye vidole vya miguu vinaanza kuwasha kama vimekanyaga siafu. Kesho yake ngazi zinamshinda. Keshokutwa kunyanyuka kitini ni shida. Udhaifu unapanda pande zote mbili za mwili, na katika siku chache au wiki zisizozidi nne unafikia kilele chake. Mgongo unaweza kuuma sana. Daktari akigonga goti kwa nyundo ndogo, mguu hauruki.

Kilichotokea ni kinga kudanganywa na sare. Bakteria Campylobacter jejuni, anayepatikana kwenye kuku asiyeiva na maji machafu, ndiye mchokozi anayetambulika mara nyingi zaidi. Ganda lake lina sukari zinazofanana na zile zilizo juu ya neva zetu. Kinga inawapiga bakteria kwa haki kabisa, kisha inaendelea na yeyote aliyevaa sare ileile. Virusi kadhaa, Zika ikiwemo, vinaweza kuwasha moto huohuo. Lakini wanaopata Guillain-Barré ni wachache mno kati ya wote wanaougua maambukizi hayo. Ukiwahesabu watu wote, wagonjwa na wazima, kwa wastani ni mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Unaweza kumshika mkono mgonjwa, kula naye na kulala naye chumba kimoja.

Na chanjo? Swali hili linastahili jibu lililonyooka. Mwaka 1976 Marekani ilitoa chanjo ya homa ya nguruwe, na ikaonekana imeongeza kiasi cha mgonjwa mmoja wa Guillain-Barré kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Mwaka 2021 onyo kama hilo liliwekwa kwenye chanjo ya Johnson & Johnson ya UVIKO-19. Kwa chanjo za mafua za miaka ya karibuni, ongezeko likionekana ni la mtu mmoja au wawili kwa kila dozi milioni, na mafua yenyewe yana hatari kubwa zaidi ya kuuamsha ugonjwa huu kuliko chanjo yake. Anayesema chanjo haijawahi kuhusika hasemi ukweli, na anayesema chanjo ndiyo inayoueneza ugonjwa huu anasema uongo mkubwa zaidi. Aliyewahi kuugua Guillain-Barré azungumze na daktari wake kabla ya kuchanjwa, waipime chanjo moja moja.

Tiba ni mbili na nguvu zake zinalingana. Ya kwanza ni kubadilisha plazima: damu inapitishwa kwenye mashine, maji yake yenye kingamwili korofi yanatolewa, seli zinarudishwa pamoja na maji mbadala. Ya pili ni dripu ya kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji, kwa kawaida kwa siku 5. Kufuatanisha zote mbili hakujaonyesha faida ya ziada. Dripu hiyo inafaa zaidi ikianza ndani ya wiki 2 tangu udhaifu uanze, na kubadilisha plazima ndani ya wiki 4. Prednisoloni, iliyowafaa wale wa miastenia, haisaidii hapa. Nalisisitiza hili kwa sababu mgonjwa mmoja akipona kwa dawa fulani, jirani zake wote wenye "mishipa" huishauriana.

Kuna pia ugonjwa unaofanana na huu, ujulikanao kwa kifupi cha CIDP, ambao udhaifu wake unaendelea kukua kwa zaidi ya wiki 8, au unarudi kila unapoondoka. Huo prednisoloni huusaidia. Kwa hiyo swali "umeanza lini?" si la kujaza fomu. Tarehe inabadilisha dawa.

Kinachoua katika Guillain-Barré na miastenia ni misuli ya kupumua. Mgonjwa mmoja kati ya wanne hivi wa Guillain-Barré huhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri hadi dakika za mwisho, kikawatuliza watu pasipo sababu. Mwambie mgonjwa avute pumzi mara moja, ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Asipofika 20, msisubiri kupambazuke. Akishindwa kumeza mate, akipaliwa na maji, au kichwa kikimlemea shingoni, ni vilevile.

Na anapokuwa kwenye mashine, amenyamaza, hakunji kiungo wala hanyooshi, zungumza naye. Mwambie ni siku gani, nani amekuja, dawa ipi anachomwa. Anakusikia.

Msuli wenyewe ukiugua

Msuli ukivamiwa na kinga, mgonjwa hulalamikia mapaja na mabega: kuinuka baada ya kuchuchumaa, kuchana nywele, kuweka kitu kabatini. Vidole vinaweza kuwa na nguvu zake zote. Hiyo ni maiositisi. Aina mojawapo huambatana na ngozi: kope zinavimba na kubadilika rangi, na vifundo vya vidole vinaota vipele bapa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa vitabuni hauonekani. Inaonekana rangi ya zambarau au weusi uliozidi, na ndiyo maana hupita bila kutambuliwa. Mtu mzima akikutwa na aina hii hutafutiwa saratani pia, maana viwili hivi hufuatana mara nyingi kuliko bahati tu. Prednisoloni, methotreksati na dripu ya kingamwili ndizo tegemeo.

Aina nyingine huwapata watu wa miaka 50 na kuendelea, polepole, ikiwanyima nguvu ya kukunja vidole na kunyoosha magoti. Hiyo haisikii prednisoloni. Ni haki ya mgonjwa kuambiwa hivyo mapema, mazoezi na vifaa vya kumsaidia kutembea vipewe nafasi yake, kuliko kumwongezea dawa zinazompa kisukari na kuichosha mifupa.

Kabla ya kufika huko kote, angalia mfuko wa dawa. Statini, zinazopunguza lehemu, huwaumiza baadhi ya watu misuli, na kwa wachache sana huamsha kinga inayoendelea kushambulia hata baada ya dawa kuachwa. Prednisoloni ikitumika muda mrefu hudhoofisha mapaja yenyewe. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au kidogo mno, potasiamu ikishuka, vitamini D ikipungua sana, misuli inalegea. Haya hupimwa kwa damu tu na mengi hurekebishika.

Daktari anaitafutaje sehemu iliyokatika

Uchunguzi mzuri huanza kwa mazungumzo. Swali la kwanza ni la hisi. Kivuko na msuli havibebi hisi, barabara inabeba. Kwa hiyo mwenye udhaifu pamoja na ganzi huelekezwa kwenye neva, na mwenye udhaifu mtupu huelekezwa kivukoni au kwenye msuli. Swali la pili ni la saa: nguvu hupungua jioni na kurudi asubuhi? Hicho ni kivuko. La tatu ni la mahali: mapaja na mabega kwanza ni msuli, nyayo na viganja kwanza ni neva. Sheria hizi zina vighairi vyake, lakini zinaongoza vizuri.

Kiharusi hujitenga kwa ghafla yake na kwa upande wake: uso, mkono na mguu wa upande mmoja, ndani ya dakika, mara nyingi pamoja na ulimi kugoma. Hicho nacho ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu zake nyingine.

Vipimo huja baada ya hapo, kila kimoja kikijibu swali lake. Damu hupimwa kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, ambacho hupanda msuli unapovunjika, na kingamwili mahususi. Kope lililoshuka linaweza kuwekewa barafu kwa dakika 2. Likinyanyuka, miastenia inashukiwa zaidi, kwa kuwa ubaridi huwapunguzia kasi wale wafagiaji. Kipimo cha umeme huishtua neva kidogo na kupima kasi ya tarishi, na sindano nyembamba husikiliza msuli. Neva ikishtuliwa mara kadhaa mfululizo na mwitikio ukazidi kufifia, kivuko kina kasoro. Si kipimo cha kufurahisha, lakini hakiachi jeraha.

Linaloogopwa kuliko yote ni sindano ya uti wa mgongo. Wengi wanaamini ndiyo inayopoozesha. Sindano hiyo huingizwa kiunoni, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umeshaishia na zimebaki nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji, zinazokwepa ncha ya sindano. Anayepata shida, mara nyingi ni kuumwa kichwa siku chache. Imani ile ilianza kwa sababu inayoeleweka: wanaochomwa mara nyingi ni watu ambao tayari wanapooza, na udhaifu unaendelea kupanda baada ya sindano kama ambavyo ungepanda bila sindano. Katika Guillain-Barré maji hayo huwa na protini nyingi na seli chache. Ndicho walichokigundua wale Wafaransa mwaka 1916. Lakini wiki ya kwanza protini inaweza kuwa ya kawaida, na majibu mazuri ya siku ya tatu hayaufuti ugonjwa.

Kuhusu sindano za vitamini, niseme wazi. B12 humponya aliyepungukiwa nayo, na huyo asicheleweshwe. Haitengenezi gati wala haiwafukuzi kingamwili. B6 ikizidishwa kwa muda mrefu huharibu neva yenyewe. Kumchoma mwenye miastenia vitamini kwa miezi sita ni kumnyima miezi sita ya dawa.

Kupona kunavyohesabiwa

Wagonjwa wengi wa miastenia wanaotibiwa huishi, hufanya kazi na huzaa. Mtoto wa mama mwenye ugonjwa huu anaweza kuzaliwa amelegea kwa sababu ya kingamwili zilizovuka kondo la nyuma, na hulegea kwa wiki chache tu, hadi zinapoisha mwilini mwake. Ni vizuri azaliwe mahali penye wa kumwangalia.

Kwa Guillain-Barré, watu 8 hivi kati ya 10 huwa wanatembea wenyewe miezi 6 baada ya kuugua, ingawa uchovu na ganzi ya nyayo huwasindikiza wengi kwa muda mrefu. Asilimia chache hufariki hata penye huduma nzuri. Tofauti kubwa kati ya anayepona haraka na anayechelewa iko kwenye kile kilichoharibika. Lami huwekwa upya ndani ya wiki au miezi. Barabara iliyokatika inabidi iote tena, na neva huota kwa kasi ya milimita moja hivi kwa siku. Kutoka gotini hadi unyayoni kuna sentimita 45 au zaidi kidogo. Hizo ni siku 450, mwaka na robo, za kunyoosha kifundo cha mguu kila asubuhi ili neva ikifika ikute kiungo ambacho hakijakakamaa.